Filimbi ya Bei Ghali

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mithali 9:9, 10, Kutoka 16:14–21, Isaya 55:2, Mwanzo 25:29–34, Warumi 3:8, Danieli 1:8–16, Mithali 16:2, 18, 1 Petro 5:5, 6, 1 Wakorintho 1:30.

Fungu la Kukariri: Mithali 9:9.

Sura ya Benjamin Franklin imechapwa kwenye noti ya dola 100 ya Marekani. Alizaliwa Boston Januari 17, 1706, akafa Philadelphia Aprili 17, 1790, akiwa na miaka 84. Alikuwa mchapaji wa vitabu na magazeti, mwanasayansi aliyegundua kwamba radi ni umeme, mtu aliyebuni chuma cha kukinga majengo na radi, na balozi wa taifa lake huko Ufaransa. Jina lake limo miongoni mwa waliotia saini Azimio la Uhuru la mwaka 1776.

Alipozeeka na kuanza kuandika habari za maisha yake, hakuanza na mambo hayo makubwa. Alikumbuka filimbi aliyoinunua akiwa na miaka saba, mawe aliyoyaiba na wenzake, samaki waliomshinda nguvu, na boriti iliyomgonga kichwa. Yote ni makosa ya kitoto, na mengine yanachekesha. Lakini nyuma ya karibu kila moja limesimama fungu la Biblia ambalo baba yake au mchungaji wa mji wake alikuwa amelipanda mapema.

Sulemani anasema kwamba mwenye hekima akifundishwa huzidi kuwa na hekima. Hasemi kwamba mwenye hekima hakosei. Juma hili tutajifunza jinsi kosa dogo linavyoweza kugeuka kuwa mwalimu mzuri, na pia mahali ambapo mwalimu huyo hawezi kutufikisha peke yake.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Zaka ya Mzee Josiah

Josiah Franklin alihama Uingereza na kwenda Boston kwa sababu ya imani yake, kwa kuwa alitaka kumwabudu Mungu kwa uhuru. Kazi aliyojifunza ilikuwa ya kutia nguo rangi, lakini katika mji ule mpya kazi hiyo haikuweza kulisha familia. Akaanza kuyeyusha mafuta ya wanyama na kutengeneza mishumaa na sabuni. Kwa wake wawili, wa kwanza akiwa amefariki, alipata watoto 17. Benjamin alikuwa mtoto wa 15, na wa mwisho kati ya wana wa kiume. Mama yake, Abiah, alikuwa mke wa pili. Benjamin alikumbuka siku ambazo watoto 13 waliketi pamoja kwenye meza moja.

Mzee Josiah aliamua kumtoa Benjamin kwa Mungu kama zaka ya wanawe wa kiume. Alitaka awe mchungaji. Kwa hiyo alimpeleka shule akiwa na miaka minane, na mtoto akafanya vizuri. Lakini gharama ya kumfikisha chuoni ilikuwa kubwa mno kwa mtu mwenye familia kubwa namna ile. Akahamishiwa shule ya kuandika na kuhesabu. Kuandika alikuweza, hesabu zilimshinda kabisa. Alipofika miaka kumi alirudishwa nyumbani kukata tambi za mishumaa na kutumwa huku na huko.

Hata hivyo, shule ya nyumbani haikufungwa. Kila alipoweza, mzee Josiah alimkaribisha mezani rafiki au jirani mwenye busara, akaanzisha mazungumzo yenye faida ili watoto wasikilize. Wakati wa kula, hakuna aliyejali kama chakula kilikolea chumvi au hakikukolea. Na mara nyingi baba alimkumbusha Benjamin fungu moja, Mithali 22:29, linalosema juu ya mtu mwenye bidii katika kazi zake, kwamba huyo atasimama mbele ya wafalme.

Katika ukoo wao inasimuliwa habari ya pipa la nyama. Josiah alikuwa na desturi ya kuomba kwa kirefu kabla na baada ya kila mlo, na kwa mtoto mwenye njaa maombi hayo yalikuwa safari ndefu. Siku moja nyama ya akiba ya majira ya baridi ilikuwa ikitiwa chumvi na kupangwa ndani ya pipa. Benjamin akampa baba yake ushauri: kwa nini asiliombee pipa zima mara moja, ili kuokoa muda mwingi wa siku zijazo?

Tunacheka, lakini mtoto alikuwa amesema waziwazi kile ambacho watu wazima wengi hukifanya kimyakimya. Alidhani maombi ni kazi inayofanyiwa chakula, kama vile kutia chumvi, na kwamba kazi hiyo ikishafanyika imekwisha.

Soma Kutoka 16:14–21. Kwa nini Mungu hakuwapa Israeli mana ya mwezi mzima kwa siku moja? Fungu hili linatufundisha nini kuhusu ibada ya asubuhi na jioni katika nyumba zetu?

JUMATATU

Filimbi

Benjamin alipokuwa na miaka saba, siku moja ya sikukuu ndugu na marafiki walimjaza mfuko wake sarafu za shaba. Alitoka mbio kwenda kwenye duka la vitu vya watoto. Njiani alikutana na mvulana mwingine akipuliza filimbi. Sauti yake ikamteka. Hakuuliza bei wala hakufika dukani. Akatoa fedha zake zote, mpaka ya mwisho, akaichukua filimbi.

Alirudi nyumbani akiwa amejaa furaha, akazunguka nyumba yote akipuliza, hadi kila mtu akachoka. Ndipo kaka zake, dada zake na binamu zake wakamuuliza alilipa kiasi gani. Alipowaambia, wakamweleza kwamba amelipa mara nne ya bei yake. Wakaanza kumhesabia vitu vizuri ambavyo angeweza kununua kwa fedha zilizobaki, huku wakimcheka. Benjamin akalia kwa uchungu. Filimbi ilikuwa ileile na sauti ileile, lakini tamu yake ilikuwa imekwisha. Majuto yalikuwa makubwa kuliko furaha aliyoipata.

Mwaka 1779, akiwa balozi nchini Ufaransa na mwenye umri wa miaka 73, alimsimulia rafiki yake kisa hicho katika barua. Kwa miaka zaidi ya 60 kilikuwa kimemsaidia. Kila alipotamani kununua kitu asichokihitaji alijionya asije akalipa bei kubwa kwa filimbi, na fedha ikabaki mfukoni. Kisha akaanza kuwatazama watu wengine. Alimwona mtu anayetafuta kupendwa na wakubwa, akipoteza kwa ajili hiyo muda wake, usingizi wake, uhuru wake na hata rafiki zake. Alimwona bahili anayekusanya mali na kujinyima kila jema, hata furaha ya kuwatendea wengine mema. Alimwona mtu wa anasa anayeharibu afya yake, na mwingine anayevaa mavazi ya fahari kwa mkopo mpaka anaishia gerezani kwa madeni. Wote hao, alisema, wamelipa kupita kiasi kwa ajili ya filimbi zao. Aliona kwamba sehemu kubwa ya taabu za wanadamu hutokana na kukadiria vibaya thamani ya vitu.

Nabii Isaya aliuliza swali hilohilo muda mrefu kabla ya Franklin. Kwa nini watu watoe fedha kwa ajili ya kitu kisicho chakula, na jasho lao kwa kitu kisichoshibisha? Na kabla ya Isaya, Esau alikuwa amekwisha kuuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Kama Benjamin, hakuuliza bei. Harufu ilimtosha.

Kuna tofauti moja kubwa, hata hivyo. Benjamin alilia akiwa na miaka saba, na hasara yake ilikuwa sarafu chache. Esau alilia akiwa mtu mzima, na alichopoteza hakikurudi (Waebrania 12:16, 17). Ni rehema ya Mungu mtu anapojifunza thamani ya vitu mapema, kwa ada ndogo.

Soma Mwanzo 25:29–34 na Isaya 55:2. Ni “filimbi” gani inayokugharimu zaidi ya thamani yake sasa: muda wako, afya yako, au amani ya nyumba yako? Isaya anamwonyesha mwenye kiu aende kununua wapi?

JUMANNE

Gati la Mawe ya Wizi

Karibu na nyumbani kwa akina Franklin kulikuwa na bwawa la kinu, na kando yake pakiwa na kinamasi. Wavulana walipenda kusimama pale wakati maji yamejaa, wakivua samaki wadogo. Kwa kukanyaga mara kwa mara walikuwa wamepageuza pale mahali kuwa tope tupu. Benjamin, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa kiongozi wao, akapata wazo: wajenge gati dogo la mawe, wapate mahali pakavu pa kusimama.

Mawe yalikuwepo tayari. Kulikuwa na lundo kubwa lililoletwa kwa ajili ya nyumba mpya karibu na kinamasi, nayo yalifaa kabisa. Jioni, mafundi walipokwisha kuondoka, Benjamin aliwakusanya wenzake. Wakafanya kazi kama siafu, jiwe moja wakati mwingine likibebwa na wawili au watatu. Usiku ule wakayahamisha yote, na gati likakamilika.

Asubuhi mafundi walishangaa kuona lundo limetoweka, kisha wakaliona likiwa limegeuka gati. Uchunguzi ukafanyika, wenye hatia wakajulikana, na wavulana kadhaa wakaadhibiwa na baba zao. Lakini Benjamin alikuwa na utetezi. Alimweleza baba yake faida ya kazi ile. Je, gati halikuwa na manufaa? Je, wavulana wote hawakufaidika?

Mzee Josiah hakubishana juu ya ubora wa gati. Alimwonyesha mwanawe kwamba jambo lisilo la uaminifu haliwezi kuwa na manufaa. Benjamin alielewa, na hakusahau tena. Zingatia jinsi baba huyu alivyofanya. Adhabu ilitolewa, lakini haikuachwa peke yake. Alimpa mtoto sababu, akazungumza na dhamiri yake mpaka ikakubali. Fimbo bila maelezo ingemfundisha Benjamin asikamatwe tu. Maelezo ndiyo yaliyomfanya amkubali baba.

Mtume Paulo alikutana na hoja kama ile ya Benjamin, ya watu waliodhani inafaa kutenda mabaya ili mema yatokee, naye akaikataa kabisa. Hoja hiyo haijafa. Inaweza kuingia hata kanisani. Fedha ya ujenzi inapotumika kununulia kwaya vyombo bila idhini ya baraza, utetezi huwa ni uleule wa gati: kazi ya Mungu imesonga mbele. Lakini mawe bado ni ya mtu mwingine.

Soma Warumi 3:8 na Mithali 16:8. Kwa nini nia njema haitoshi kulihalalisha tendo? Wazazi na walimu wa watoto wanaweza kujifunza nini kwa mzee Josiah? Linganisha na Waefeso 6:4.

JUMATANO

Samaki Ndani ya Samaki

Akiwa na miaka 12 Benjamin aliwekwa kwa mkataba chini ya kaka yake James, mchapaji, ili ajifunze kazi hiyo. Alipokuwa na miaka 16 hivi alisoma kitabu kilichosifu chakula kisicho na nyama, akaamua kukifuata. Alimwomba James ampe nusu ya fedha aliyokuwa akimlipia chakula, naye atajilisha mwenyewe. James alikubali, na Benjamin akagundua kwamba anaweza kuweka akiba nusu ya ile aliyopewa. Akaitumia kununua vitabu. Wengine walipokwenda kula, yeye alibaki katika chumba cha uchapaji na kipande cha mkate, konzi ya zabibu kavu na maji, kisha akasoma kwa muda uliobaki. Aliona akili yake imekuwa nyepesi na yenye kuelewa haraka. Wanafunzi wa Danieli sura ya 1 hawatashangaa.

Mwaka 1723, baada ya magomvi mengi na James, ambaye wakati mwingine alimpiga, Benjamin alitoroka Boston kwa meli akiwa na miaka 17. Upepo ulikatika karibu na kisiwa cha Block Island, na mabaharia wakaanza kuvua samaki wakubwa. Mpaka hapo Benjamin alikuwa ameshika msimamo wake. Alihesabu kwamba kumvua samaki ni sawa na kuua bila sababu, maana hakuna samaki aliyewahi kumkosea mtu hata astahili kufa.

Tatizo ni kwamba zamani alikuwa akipenda samaki sana, na sasa walikuwa wanatoka kwenye kikaango wakinukia. Alisimama kwa muda kati ya kanuni na tamaa. Kisha akakumbuka kwamba samaki walipopasuliwa, ndani ya matumbo yao walionekana samaki wadogo. Akajiambia kwamba kama wao wanakulana, haoni kwa nini yeye asiwale wao. Akala kwa furaha, na tangu siku hiyo akaendelea kula kama watu wengine, akirudia mboga mara mojamoja tu.

Baadaye alijicheka mwenyewe. Aliona ni jambo la kufaa sana kuwa kiumbe mwenye akili, kwa sababu akili humpatia mtu sababu ya kufanya chochote anachotaka kufanya.

Suala hapa si kwamba samaki wale walikuwa najisi. Walikuwa na mapezi na magamba. Suala ni lile linalotokea ndani ya mtu. Akili ambayo Mungu aliiweka iongoze tamaa iligeuka kuwa wakili wake. Uamuzi ulifanyika puani, na sababu ikatafutwa baadaye. Danieli alifanya kinyume: aliazimu moyoni mwake kabla chakula cha mfalme hakijafika mezani. Azimio lake pia halikusimama juu ya hoja yake mwenyewe, bali juu ya uaminifu wake kwa Mungu. Hoja ambayo mtu ameijenga mwenyewe, mwenyewe anaweza kuibomoa akisikia njaa.

Soma Danieli 1:8–16 na Mithali 16:2. Ni lini mara ya mwisho ulipotafuta sababu nzuri ya jambo ulilokwisha kuamua kulifanya? Ni nini kingekusaidia kusimama?

ALHAMISI

Boriti

Benjamin alifika Philadelphia mnamo Oktoba 1723 akiwa amechoka, mchafu, na fedha kidogo tu mfukoni. Miezi saba baadaye alirudi Boston kuwaona wazazi wake, naye alikuwa mtu mwingine. Alivaa suti mpya, alikuwa na saa, na mifuko yake ilikuwa na fedha za kutosha. Hakupita kimya. Alikwenda mpaka kwenye chumba cha uchapaji cha kaka yake, akawaonyesha wafanyakazi fedha zake, akatoa saa waione, akawaachia sarafu ya fedha wakanunue kinywaji. James alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akarudi kwenye kazi yake. Alijiona ametukanwa mbele ya watu wake.

Katika safari hiyohiyo Benjamin alimtembelea mchungaji mashuhuri wa Boston, Cotton Mather. Gazeti la James lilikuwa limempinga na kumdhihaki Mather kwa muda mrefu, na Benjamin alikuwa miongoni mwa waliolichapa. Hata hivyo mzee alimpokea vizuri katika chumba chake cha vitabu. Wakati wa kuagana alimwonyesha njia ya mkato, ujia mwembamba wenye boriti iliyokatiza juu. Wakaenda wakizungumza, kijana mbele, mchungaji nyuma. Benjamin alikuwa amegeuza kichwa nyuma ili aendelee kuongea, mara mzee akamwambia kwa haraka ainame. Hakuelewa maana yake mpaka kichwa chake kilipogonga boriti.

Mather hakuwahi kuacha nafasi ya kufundisha ipite. Alimwambia kwamba yeye ni kijana na dunia iko mbele yake. Akijifunza kuinama anapopita, ataepuka vipigo vingi vikali. Franklin alimwandikia mwana wa mchungaji huyo habari hiyo mwaka 1784, miaka 60 baadaye. Alisema shauri lile lililopigwa kichwani mwake lilimsaidia mara nyingi, na kwamba alilikumbuka kila alipoona kiburi kikiaibishwa.

Unyenyekevu haukumjia kwa urahisi. Alipoandika orodha ya maadili ya kuyafanyia mazoezi aliweka 12, na unyenyekevu haukuwemo. Rafiki mmoja alimwambia kwa upole kwamba watu wanamwona mwenye kiburi, akampa mifano kadhaa. Ndipo akauongeza, ukawa wa 13. Katika uzee wake alikiri kwamba hata kama angedhani amekishinda kiburi kabisa, huenda angejivunia unyenyekevu wake.

Lakini boriti ilizaa tunda. Karibu miaka kumi baada ya majivuno yale, Benjamin alikwenda kumwona James, aliyekuwa mgonjwa katika mji wa Newport. Walisahau yaliyopita. James alimwomba kwamba akifa, Benjamin amchukue mwanawe na kumfundisha uchapaji. Benjamin alifanya hivyo, na zaidi ya hapo alimsomesha kijana huyo kwanza kwa miaka kadhaa. Aliona kwamba kwa njia hiyo alikuwa amemlipa kaka yake kazi aliyomnyima alipotoroka kabla ya mkataba kwisha.

Soma Mithali 16:18 na 1 Petro 5:5, 6. Kuna tofauti gani kati ya kujinyenyekeza na kunyenyekezwa? Je, kuna ndugu ambaye bado hujamwendea kama Benjamin alivyomwendea James?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Fungu ambalo mzee Josiah alilirudia kwenye karakana ya mishumaa lilitimia kwa namna ambayo mwanawe hakuitarajia. Franklin hakudhani kwamba angesimama mbele ya wafalme kwa maana halisi ya maneno. Lakini katika maisha yake alisimama mbele ya watano, na pamoja na mmoja wao, mfalme wa Denmark, aliketi kula chakula. Juu ya kaburi la wazazi wake mjini Boston aliweka jiwe linalomhimiza msomaji awe na bidii katika wito wake na asiache kuutumainia uongozi wa Mungu. Katika kijitabu alichotumia kupima mwenendo wake kila siku aliandika maneno ya Mithali sura ya 3 yanayosifu hekima.

Hata katika uzee aliendelea kurekebishwa. Kwa miaka mingi alikuwa ameweka watumwa nyumbani mwake. Mwaka 1787 alikubali kuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa, na Februari 1790, miezi miwili kabla ya kufa, jina lake lilikuwa kwenye ombi lililopelekwa mbele ya bunge la Marekani dhidi ya utumwa.

Lakini kuna mahali ambapo hekima hiyo ilikwama. Akieleza kushindwa kwake kufikia ukamilifu, Franklin alisimulia habari ya mtu aliyenunua shoka kwa mhunzi, akataka lote ling'ae kama makali yake. Mhunzi alikubali kulinoa, mradi mnunuzi azungushe gurudumu la kunolea. Kazi ilikuwa nzito. Mtu yule alizungusha, akachoka, akatazama, akaona shoka lina madoadoa. Mhunzi alimtia moyo aendelee, litang'aa. Akajibu kwamba amegundua anapenda zaidi shoka lenye madoadoa. Franklin aliliona kuwa ndilo tatizo lake mwenyewe.

Doa moja lilibaki mpaka mwisho. Mwanawe William, gavana wa mwisho wa kifalme wa New Jersey, alisimama upande wa mfalme wa Uingereza wakati wa vita vya uhuru. William alipoomba mapatano baadaye, hayakupatikana. Walionana kwa mara ya mwisho mwaka 1785 wakimaliza mambo ya mali, na katika wosia wake baba hakumwachia karibu chochote. Aliyepatana na kaka yake hakuweza kupatana na mwanawe.

Machi 1790, wiki chache kabla ya kufa, mchungaji mmoja rafiki yake alimuuliza anaamini nini juu ya Yesu. Franklin alijibu kwa adabu. Alimwamini Mungu mmoja, Muumba, na aliyaona mafundisho ya Yesu kuwa bora kuliko yote, lakini alikuwa na mashaka kuhusu uungu wake. Aliona hakuna haja ya kujishughulisha na swali hilo sasa, kwa kuwa alitazamia kuujua ukweli karibuni bila taabu.

Hukumu ni ya Mungu. Lakini mtu aliyejua bei ya kila filimbi alilitazama swali lenye thamani kuliko yote, akaliweka kando. Mithali inafundisha bidii, uaminifu, kiasi na unyenyekevu, nayo yote ni kweli. Inasema pia mahali hekima inapoanzia: katika kumcha Bwana (Mithali 9:10). Na Paulo anasema kwamba Kristo mwenyewe amefanywa kwetu hekima itokayo kwa Mungu, na haki, na utakatifu, na ukombozi. Mtu anaweza kuzungusha gurudumu maisha yake yote, na madoadoa yakabaki. Anayeyaondoa ni Kristo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa, kila mmoja ataje kosa moja la utotoni ambalo sasa anaweza kulicheka. Ni fungu gani la Mithali linaloeleza kosa hilo vizuri?

2. Mzee Josiah alirudia fungu moja mpaka likakaa moyoni mwa mwanawe. Ni fungu gani linalorudiwa nyumbani mwako? Watoto wako watakumbuka nini baada ya miaka 60?

3. Mtu anaweza kuifuata Mithali kwa uaminifu, akafanikiwa, na bado asimjue Kristo. Je, hali hiyo yaweza kumpata Mwadventista aliyelelewa kanisani? Dalili zake ni zipi?

4. Franklin aliahirisha swali la Yesu ni nani. Ni swali gani la kiroho ambalo umekuwa ukiliahirisha? Kwa nini leo ni siku bora ya kulijibu (Waebrania 3:15)?